Kitambaa Nilichokipigia Magoti

Nimefua nguo za watu wanyenyekevu kwa zaidi ya miaka ishirini, na zinachafuka kama za watu wengine. Kola inakuwa nyeusi, kwapani panakuwa pa njano, na shati la mahubiri lina jasho lilelile la shati la baa. Nasema hivi kwa sababu kanisani kwetu nilitangazwa kuwa mwanamke mwenye kiburi, mbele ya watu wote, na waliotangaza ni watu ambao soksi zao nazijua.

Majina yao sitaandika. Wengine wamezeeka, na wajukuu wao hunisalimia vizuri nikipita. Lakini vyeo nitaandika. Kuna mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama. Kuna mchungaji wa kwanza, yule aliyehamishwa, na kuna mchungaji wa sasa, ambaye bado ni kijana. Halafu kuna mume wangu, aliyekuwa akipitisha kikapu cha sadaka. Hao wanne. Mtu yeyote wa kanisa letu pale Kinoo akisoma atawajua, na asiyewajua hajakosa kitu.

Kwanza nieleze habari ya kitambaa. Kwetu mwanamke akishafunga ndoa ya kanisani, na akihudhuria mafundisho bila kukosa, siku moja anaitwa mbele, anapiga magoti, na mwenyekiti anamfunga kitambaa kichwani. Ni cheupe, kina ukingo wa kijani. Kuanzia hapo anaketi mstari wa pili na wenzake. Akifiwa wanakuja kwake kwa msafara wakiimba. Asiye na kitambaa anakaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na watoto wachanga na upepo. Nimeona wanawake wenye kazi za ofisi, wanaoendesha magari yao, wakilia zaidi siku ya kufungwa kitambaa kuliko walivyolia siku ya harusi. Mimi pia nililia. Nilikuwa msichana aliyeachia shule darasa la tano akaolewa, na sikuwa nimewahi kupewa kitu chochote mbele za watu.

Mume wangu alikuwa akipitisha kikapu kwa adabu sana. Mbele ya kila mtu alikuwa akiinama kidogo, hata mbele ya mtoto mwenye shilingi moja. Watu walikuwa wakisema, jamani, yule ni mnyenyekevu. Sasa mtu akiinama Jumapili nzima, mgongo unauma. Nyumbani alikuwa anaunyoosha.

Mara ya kwanza nilienda kwa mchungaji yule wa kwanza nikiwa na jicho limefumba kwa ngumi yake. Alinisikiliza naye akiwa amefumba ya kwake, kama mtu anayeomba ama anayesinzia, hata leo sijui.

“Mama,” akasema, “nyumba ni kama gari. Dereva ni mmoja.”

Sikuwa nimemwomba nipewe gari. Nilikuwa nimemwomba aniangalie jicho.

Mara ya pili akanituma kwa mwenyekiti, kwa sababu hayo, alisema, ni mambo ya akina mama. Wakati huo nilikuwa tayari nafua kwa mwenyekiti kule Loresho, Jumanne na Ijumaa. Nyumba ya ghorofa, ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka kama kipande cha sabuni. Alinikaribisha sebuleni siku hiyo, si jikoni, nikajua mambo ni makubwa.

“Dada yangu katika Bwana,” akaniambia, “nikwambie ukweli kwa upendo? Una kiburi. Nakionaga hata ukianika nguo. Unaanika kama mwenye nyumba.”

Sikujua kuna namna ya kuanika ya asiye na nyumba.

“Sasa jaribu hivi. Ukimpelekea mzee chakula, piga magoti. Shuka kabisa, umpe sahani kwa mikono miwili. Mwanaume hapigi mwanamke aliyepiga magoti. Haiwezekani. Mimi nakuhakikishia.”

Yeye mwenyewe hapigi magoti. Ana ugonjwa wa magoti, kanisa lote linajua. Wakati wa maombi sisi tukishuka sakafuni, yeye anabaki ameketi kwenye mto wake wa zambarau, amefunga mikono, anatikisa kichwa kwa uchungu wa kutamani kushuka nasi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nafua nyumbani kwake, na nimemwona akipanda ngazi za kwenda chumbani huku amebeba kikapu cha nguo, akiniita kutoka juu kwamba nimesahau taulo.

Nilijaribu. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye walisema sikujaribu. Ilikuwa siku ya kazi, saa nane mchana, mume wangu amerudi mapema na hasira zake za kazini. Nikapakua githeri ya mahindi na maharagwe, nikashuka nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamnyooshea sahani kwa mikono miwili. Aliniangalia kwa muda. Nafikiri ilimshangaza. Halafu akauliza, “Hii ni nini, unanichezea?” na akanipiga teke. Mkono wangu wa kushoto ukagonga mguu wa meza, kifundo kikavunjika. Githeri ilimwagika mpaka mlangoni.

Alinipiga nikiwa nimepiga magoti. Naandika polepole ili mwenyekiti akisoma asiruke mstari. Nikiwa nimepiga magoti.

Binti yetu alikuwa na miaka minane. Wiki hiyohiyo nilimchukua, mkono ukiwa kwenye plasta, tukahamia chumba kimoja upande ule mwingine wa barabara kuu. Sikuchukua kitu ila nguo, sufuria mbili na kitambaa changu.

Kitambaa nacho wakakichukua miezi mitatu baadaye. Plasta ilikuwa imetoka, lakini kifundo kilikuwa kimeunga vibaya na mpaka leo hakikunjiki sawasawa. Mchungaji alitangaza kwamba dada mmoja ameacha ndoa takatifu kwa sababu ya kiburi, na kwamba amewekwa chini ya nidhamu ya kanisa hadi atakapojishusha. Nikaitwa mbele. Mwenyekiti akaja nyuma yangu kunifungua. Fundo lilimsumbua, maana nilikuwa nimelifunga kwa mkono mmoja na meno. Alivuta, akavuta, nywele zikaenda na kitambaa, na kanisa zima likawa kimya likisubiri nywele zangu. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya nguzo na kikapu chake, ameinama kidogo.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne nilienda Loresho kufua, kwa sababu mtoto anakula hata wiki ambayo mama yake ameaibishwa. Mwenyekiti akanipa nguo za kawaida, halafu akaweka juu vitambaa vyake vitatu.

“Hivi usivichanganye na vya rangi,” akasema. “Na uvipige pasi vizuri, ukingo unyooke.”

Wala hakuona kitu. Nilimtazama usoni nikitafuta hata aibu ya kijiko kimoja, sikupata. Alikuwa ananipa nguo chafu, basi. Kwa miaka kumi na saba nimefua kitambaa ambacho mimi siruhusiwi kuvaa, na nilikipiga pasi ukingo ukanyooka, kwa sababu kazi yangu huwa siharibu.

Na isidhaniwe nawasema wa Kinoo na Loresho peke yao. Siku zingine nafua Kilimani, kwenye hizo nyumba za ghorofa za vijana wa ofisi. Huko nako wana unyenyekevu wa kisasa. Msichana mmoja ninayemfulia, mwenye roho nzuri tu, alipandishwa cheo. Akaniita niache ndoo nimpige picha kwenye roshani, amevaa suti, mikono amekunja, nyuma yake linaonekana jiji. Tulirudia mara kumi na kitu, kwa sababu kila mara alikuwa anaonekana kama anajisikia. Halafu akanitafsiria alichoandika kwa Kiingereza chini ya picha kwenye simu: kwamba amenyenyekezwa sana na cheo hiki kipya. Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Mimi nimewahi kunyenyekezwa. Hawakunipiga picha.

Tuyaache hayo. Kilichonirudisha kwenye kitambaa ni binti yangu.

Alikua, akasoma, akapata kazi kwenye duka la dawa mjini. Halafu akapata mchumba, kijana mtulivu wa kanisa letu lilelile, ambaye mama yake anaketi mstari wa pili. Harusi ikapangwa. Mchungaji wa sasa akaniita ofisini kwake. Huyu ni kijana kuliko mimi kwa miaka mingi, anavaa viatu vyenye ncha, na anaongea kwa upole kama mtu anayekupa sindano.

“Mama, Bwana asifiwe.”

“Amina.”

“Binti hatumzuii. Tumefurahi naye. Ila kuna utaratibu. Pale mbele, wazazi wanaposimama na bibi harusi, hasimami mtu aliye chini ya nidhamu.”

“Kwa hivyo nani atasimama na mtoto wangu?”

“Shangazi yake. Dada ya baba.”

“Na baba?”

Akaangalia karatasi zake. “Baba hana kesi.”

Nikarudia nione kama yeye atasikia. “Baba hana kesi.”

“Kwa rekodi zetu, mama, hapana.” Akajisogeza mbele. “Lakini ni jambo dogo. Jumapili moja tu. Unapiga magoti, unasoma maneno machache, unafungwa kitambaa chako, tunaimba. Dakika tano. Ni kujishusha tu, mama. Kujishusha kunatusaidia sisi sote.”

“Pasta, mimi kazi yangu ni kusugua sakafu za watu. Niko chini kutoka Jumatatu mpaka Jumamosi. Unataka niende wapi tena?”

Alitabasamu. Wana tabasamu la kufundishwa, nafikiri wanalisomea.

Nilipomwambia binti yangu, alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini.

“Mum, usithubutu.”

“Ni dakika tano.”

“Mimi nitaolewa kwa ofisi ya serikali na jinzi. Nimesema.”

“Na mama mkwe wako?”

“Atazoea. Kwani yeye ndiye anaolewa?” Halafu akaniangalia, na sauti ikashuka. “Mimi nilikuwa hapo, Mum. Nilikuwa nyuma ya kiti. Niliona ukishuka na sahani. Sasa unataka nikuone tena chini, useme ni wewe ulikosa?”

“Nataka kusimama na wewe.”

“Si utasimama tu. Hata huko nyuma nitakuona.”

“Mbele,” nikasema.

Na hapo niseme ukweli wangu, maana nimesema wa wengine. Kiburi nilikuwa nacho. Kilikuwa hapo hapo, kwenye hilo neno moja. Nilitaka mstari wa pili wanione. Nilitaka yule shangazi aketi mahali nilipoketi mimi miaka yote, karibu na mlango, upepo umpige kidogo. Binti yangu alikuwa tayari kuacha harusi yake kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nafikiria pa kusimama. Hao watu wa kutafuta kiburi, na mafundisho yao yote, hicho hawakukiona. Walikuwa wanatafuta kile ambacho hakikuwepo.

Mwenyekiti ndiye aliyeniandikia maneno. Alinipa karatasi Ijumaa, pale Loresho, imechapwa kwa herufi kubwa kwa sababu anajua shule yangu. Akanipa na kitambaa. Kilikuwa kimekaa kabatini kwake miaka yote hiyo, kina harufu ya dawa ya nondo.

“Kipitishie maji,” akasema, “na pasi. Jumapili kionekane kizuri.”

Kwa hivyo nilifua mwenyewe kitambaa nilichokuwa naenda kusamehewa nacho, kwenye beseni lake, kwa sabuni yake, na nikakiacha kwake ili aje nacho kanisani kama zawadi.

Jumapili nikapiga magoti. Sakafu ya kanisa imewekwa vigae siku hizi, ni baridi. Binti yangu hakuja mbele, alikaa nyuma, kwenye kiti changu. Nikasoma. Mimi husoma nikifuata kwa kidole, kwa hivyo kila neno lilitoka peke yake likasimama. “Mimi. Nilimwacha. Mume wangu. Kwa kiburi. Cha moyo.” Niliposoma hapo nilisimama kidogo, na mchungaji akafikiri neno limenishinda. Akainama akanisaidia. “Cha moyo wangu,” akasema kwa upole. “Cha moyo wangu,” nikasema. “Nikakataa. Kunyenyekea. Naomba. Kanisa. Linisamehe.”

Ulikuwa uongo. Nilinyenyekea mpaka mfupa ukavunjika, na mwenyekiti niliyekuwa namwomba msamaha ndiye aliyenituma kupiga magoti. Nimetenda dhambi nyingine maishani, sijifanyi. Lakini katika habari hii yote, dhambi yangu ni hiyo moja, kudanganya madhabahuni ili nipate pa kusimama. Na hiyo ndiyo waliyoipigia makofi. Walisimama, wakapiga vigelegele, mwenyekiti akanifunga kitambaa akikaza fundo, akaninong’oneza, “Umeona? Ni rahisi tu.”

Asubuhi ya harusi nilikuwa nimekaa kitandani nimevaa viatu vipya vyenye mkanda mdogo wa kufunga pembeni. Ule mkanda ulinishinda. Kifundo cha mkono wangu hakikunjiki kufika huko. Nilikuwa najaribu kwa siri, sikutaka kuita mtu. Binti yangu akaingia amevaa gauni lake jeupe lote, lile walilomwonya asikae nalo hata kwenye kochi. Akapiga magoti sakafuni, gauni likajaa chumba kizima, akafunga cha kulia, akafunga cha kushoto, akajaribu kidole kuona kama hakinibani. Halafu akainuka akasema, “Haya, Mum, twende tuchelewe kama watu wakubwa.” Na gauni lilikuwa na vumbi magotini, na hakulipangusa.

Kanisani nikasimama mbele. Mume wangu alikuwa upande ule mwingine, amepaka nywele rangi. Aliinama kidogo kunisalimia. Sikuinama. Na nitasema wazi kwamba kusimama pale kulikuwa kutamu, kwa muda wa wimbo mmoja labda. Shangazi alikuwa ameketi mahali nilipotaka aketi.

Halafu tukaenda kula, na mwenyekiti akapewa kipaza sauti atoe neno la akina mama. Mimi nilikuwa nafikiri ataongea na maharusi. Akaninyooshea kidole mimi.

“Mnamwona huyu mama? Huyu mama alikuwa mgumu! Wacha niwaambie, alikuwa jiwe! Lakini tulimwombea. Miaka kumi na saba, hatukuchoka. Na Jumapili ile, si mlimsikia kwa kinywa chake mwenyewe? Alikubali ni kiburi. Bibi harusi, jifunze kwa mama yako. Usingoje miaka kumi na saba. Mume akirudi nyumbani, shuka mapema!”

Watu wakacheka na kupiga makofi. Binti yangu aliweka uma wake mezani. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kuona kama niko sawa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Maana nilielewa nimefanya nini. Nilikuwa nimempa mwenyekiti lile teke la mume wangu liwe kosa langu, nikampa kwa karatasi, kwa sauti yangu mwenyewe, na sasa alikuwa analifundishia mtoto wangu siku ya harusi yake.

Jumanne nikaenda Loresho. Nikafua kila kitu kama kawaida, nikaanika, nikapiga pasi. Vitambaa vyake vitatu nikavikunja. Changu nacho nilikuwa nimekuja nacho kwenye mfuko. Nikakifua, nikakipiga pasi, nikakiweka juu ya vyake, ukingo juu ya ukingo. Nikampelekea sebuleni.

Alichukua cha juu. “Hivi ni vinne.”

“Hicho cha juu ni changu. Nakirudisha.”

“Unarudisha vipi? Si ulirudishwa juzi tu?”

“Nilisema uongo pale mbele. Kesho naenda kwa Pasta kumwambia, na Jumapili akinipa nafasi nitasema mbele ya watu. Asiponipa nitasema mlangoni, watu wakitoka. Nitasema nilipiga magoti na sahani kama ulivyonifundisha, na nilivunjwa mkono nikiwa chini. Na nitasema ni nani alinifundisha.”

Akakiweka kitambaa mezani. Halafu akajaribu ile sauti ya upendo. “Dada yangu. Unasikia hicho kinachoongea ndani yako? Hicho ni kiburi.”

“Sawa,” nikasema. “Safari hii nitakubali ni chako na ni changu. Nguo zingine ziko kwenye kamba, bado hazijakauka. Utafute mtu wa Ijumaa.”

Alinifuata mpaka mlangoni akisema ataniombea. Nilitaka kumuuliza ataniombea akiwa amekaa ama amepiga magoti, lakini nikaona nimeshasema ya kutosha, na sabuni bado ilikuwa inaniwasha mkononi.

Nilitembea mpaka nyumbani. Nikapiga magoti jikoni, mimi mwenyewe, bila karatasi, nikamwambia Mungu nilidanganya nyumbani kwake na nisamehewe. Hilo halikuchukua muda. Alikuwa anajua tayari, maana siku ya githeri na yeye alikuwa pale. Nikamuuliza pia kwa nini siku hiyo hakusema kitu. Hapo nilikaa chini muda mrefu zaidi, mpaka magoti yakafa ganzi, na kesho yake nikaenda kwa Pasta nikichechemea.